Pumzi Kabla ya Zumari

Wewe ulimwona. Usiniambie hukumwona. Jumamosi ile, saa nne asubuhi, Sindano alipoingia sebuleni kwa kina Mwalimu na mkoba wa santuri begani, akawaamkia watu wazima mmoja mmoja na kuitikiwa kwa puani, ulikuwa umekaa palepale kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Ulimwona akitafuta pa kukaa. Ulimwona akiachwa amesimama. Ukaanza kukagua kucha zako. Mko wengi, ndiyo maana mambo haya hayaishi. Mtu anadharauliwa mchana kweupe, mbele ya watu wenye macho mawili mawili, na kila mmoja ghafla anakuwa na shughuli dirishani.

Leo utatazama hapa.

Sindano si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na wateja. Ana duka la santuri zilizotumika, chumba kimoja kati ya fundi viatu na mshona mapazia, na mtu akimletea gramafoni inayokwaruza, yeye haulizi imekuwaje. Anainama, anaitazama sindano kwa kioo cha kukuzia, kisha anasema, "Hii ilikufa mwaka juzi. Tangu hapo hupigi muziki, unalima santuri." Nota hakufundishwa na mtu. Simfonia ya kwanza, ule muziki mrefu wa okestra, aliisikia nzima akiwa na miaka kumi na tisa, ikitoka kwenye gramafoni aliyokuwa akiitengeneza, na akaisikiliza hadi mwisho huku chuma cha kulehemu kikimuunguza kidole. Kovu lipo hadi leo. Ukimuuliza cheti, anakuonyesha kidole.

Mwalimu, mfundisha fidla, aliingia dukani humo miaka miwili iliyopita akitafuta simfonia.

"Unataka sauti nzuri au wapigaji wazuri?" Sindano alimuuliza bila kuinua kichwa.

"Kwani haviji pamoja?"

"Mara chache. Watu wenyewe hawaji hivyo, sembuse santuri."

Hapo Mwalimu alicheka, akavuta kigoda, na kila Ijumaa alasiri tangu siku hiyo kigoda kile kilikuwa chake. Walisikiliza, wakabishana, wakanyamaza pamoja. Kuna kunyamaza kwingine ukishakuzoea huwezi tena kula peke yako.

Shida haikuwa dukani. Shida ilikuwa nyumbani kwa kina Mwalimu. Mara ya kwanza Mwalimu alipompeleka, alimtambulisha kama "fundi wa gramafoni." Mara ya pili akawa "rafiki wa shuleni," ingawa hawakusoma shule moja. Mara ya tatu, siku ya kuzaliwa ya mama yake, hakutambulishwa kabisa. Aliwekewa kamera mkononi, apige picha za familia. Picha zipo ukutani, nzuri kweli, watu wote wanatabasamu, na yeye hayumo hata moja. Mara zote tatu Mwalimu alikuwa ameahidi njiani kwamba leo atasema. Mara zote tatu ulimi uliganda mlangoni.

"Leo nasema," Mwalimu alimwambia asubuhi hiyo getini.

"Ulisema hivyo mwezi wa nne."

"Leo kweli, mpenzi."

"Sikia. Sikugombezi. Nakupa taarifa tu, kama yule mtu wa hali ya hewa. Nikitoka humu leo na watu wako bado hawajui mimi ni nani wako, Ijumaa usije."

"Sindano..."

"Pengine nitalia. Lakini nitalia mlango ukiwa umefungwa kwa ndani."

Mwalimu alimtazama kama mtu anayejaribu kukariri uso. Alinyoosha mkono kumgusa shavu, kisha akasikia mlango wa nyumba ukifunguliwa, akaurudisha mkono mfukoni. Sindano aliuona mkono ule ukirudi, akauhifadhi pamoja na zile mara tatu. Halafu akatangulia kuingia, kichwa juu.

Aliyewasubiri ni Shangazi, dada wa marehemu baba yake Mwalimu, aliyefundisha nota chuo cha muziki miaka thelathini na bado akiongea nyumbani kama yuko mbele ya darasa. Chuo kilikuwa kinafungua chumba cha kusikilizia muziki chenye jina la kaka yake, ambaye enzi zake alipuliza zumari katika okestra. Kwa kila simfonia, chumba kilitaka santuri moja tu, iliyo bora kwa sauti na kwa upigaji, na kazi ya kuchagua alipewa Shangazi. Mwalimu ndiye aliyesema, "Tumwite mtu anayezijua santuri." Shangazi alikubali haraka mno.

"Binti," Shangazi alisema, "tunaambiwa una masikio."

"Ninayo, Shangazi. Mawili."

Kicheko kilimponyoka Mwalimu, akakimeza. Mama yake, mjane mwembamba aliyekaa karibu na dirisha na miwani mapajani, aliinua macho kidogo.

"Basi chukua kile kiti, ukigeuze, utazame ukuta. Nitapiga santuri tatu. Simfonia ni ileile, wapigaji mbalimbali. Utatuambia ipi iende chuoni. Lebo hutaiona, jalada hutaliona. Maana huko madukani kwenu si mnasoma majalada?"

"Wapo wanaosoma, Shangazi. Mimi hata uniningʼinize miguu juu nitasikia tu."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kiti cha kwanza alichowahi kupewa katika nyumba ile kilimtaka awape watu kisogo. Alikaa. Ukuta ulikuwa wa rangi ya maziwa, na msumari mmoja usio na kazi. Shingoni alihisi macho ya Mwalimu, yenye joto, yenye aibu.

"Nitapiga sehemu ya pili, ile ya polepole," Shangazi alisema.

"Na dakika mbili za mwisho kabisa wa simfonia, tafadhali."

"Za nini?"

"Mwanzoni kila santuri ina adabu. Lakini sindano ikikaribia lebo, mduara unakuwa mdogo, inabanwa, na ndipo hapo okestra nzima inapopiga kwa nguvu zake zote. Santuri mbaya inajisema pale."

"Huo ni ufundi wa redio. Si muziki."

"Ikikukwaruza masikio, Shangazi, utaona kama ni muziki au si muziki."

Ya kwanza ikapigwa, ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu. Sindano hakutikisika. Wakati wa ile ya pili tu, kidole chenye kovu kilianza kugonga goti, polepole, kama mtu anayezuia neno. Ilipokwisha ya tatu, alivuta pumzi.

"Ya kwanza ni safi. Unaweza kuhesabu fidla moja moja. Lakini anayewaongoza ana miadi mahali. Sehemu ya polepole ameipitia kama anawahi geti kabla halijafungwa."

Mama alijikohoza. Kikohozi kilifanana sana na kicheko.

"Ya tatu ina mvumo kidogo kwa nyuma, kama mtu anafagia chumba cha pili. Usikusumbue huo. Wapigaji wake wanasikilizana. Selo, zile kubwa za sauti nene, zikimaliza kusema, fidla hazidakii, zinangoja nusu pumzi. Na mwisho haukukwaruza. Aliyeichonga aliacha nafasi pana kabla ya lebo. Mimi ningepeleka ya tatu."

"Na ya pili?" Sauti ya Shangazi ilikuwa tamu ghafla.

"Ya pili msiipeleke popote."

Chumba kilipoa.

"Ya pili," Shangazi alisema, akitamka kila neno kama anaweka vyombo mezani, "ndiyo anayopuliza kaka yangu. Huyu uliyempa kisogo ni mke wake. Umeitupa jalalani mbele ya mjane wake."

Sindano alisimama, akakigeuza kiti mwenyewe, akawatazama. Shangazi alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Mama alikuwa ameshika miwani kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa anatazama zulia.

"Najua ni yeye," Sindano alisema. "Nimeitambua rekodi yake. Ndiyo maana nimekasirika. Mmemzika mara ya pili, na safari hii mmemzika akiwa anapuliza."

"Mungu wangu," Mama alinongʼona.

"Sindano, taratibu..." Mwalimu alianza.

"Taratibu nimekwenda miaka miwili." Akalichukua jalada mezani. Lilikuwa zuri, zito, lenye maandishi ya dhahabu, na neno STEREO kubwa kama kiganja. "Hii mliinunua lini?"

"Mwaka aliofariki," alisema Shangazi. "Toleo bora kuliko yote lililokuwepo."

"Mama, samahani nikuulize. Siku walipoirekodi, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," Mama alijibu. "Nilikaa nje ya mlango na mtoto mgongoni. Huyu."

"Vipaza sauti vilikuwa vingapi?"

Mama alifikiri. "Kimoja. Kiliningʼinia juu yao katikati. Nakumbuka niliogopa kitawaangukia."

"Kimoja. Basi mkanda wao ulikuwa wa njia moja, wa mono. Miaka ikapita, watu wakataka spika mbili, na kampuni ikaona uvivu kuwaita wapigaji upya. Wakaichukua ile njia moja wakaipasua. Sauti nene wakaisukuma huku, nyembamba kule, juu yake wakamwaga mwangwi ili ufikiri ni ukumbi, wakaandika STEREO kwa dhahabu. Fidla zikaangukia upande mmoja, selo upande mwingine. Sasa zumari, Mama, sauti yake si nene si nyembamba. Inakaa katikati. Na katikati ndipo walipopasua."

"Uongo!" Shangazi alisimama, kitabu cha nota kifuani. "Naisikiliza santuri hii miaka kumi na moja, kila siku ya kumkumbuka, nota hizi zikiwa mapajani. Namsikia kila anapoingia. Kila nota!"

"Unamsoma, Shangazi."

Sindano hakulisema kwa kejeli. Alilisema kama anavyomwambia mteja hali ya sindano yake.

"Jicho lako linaiona zumari kwenye karatasi, sikio linaitikia, ndiyo. Ni ugonjwa wa waliosoma sana. Mimi ningezijua nota ningeugua vilevile."

Kabla Shangazi hajajibu, sauti ndogo ilitoka dirishani.

"Ndiyo maana huwa simpati?"

Wote walimgeukia Mama.

"Unasemaje, wifi?" Shangazi aliuliza.

"Kila mwaka nakaa hapa. Mnalia, nami nalia, kwa sababu nyinyi mnalia. Simsikii. Miaka kumi na moja. Nilidhani masikio yangu yamezeeka. Nikaona aibu kusema kwamba mume wangu simsikii."

Sindano alivuka chumba, akafungua mkoba wake, akatoa santuri yenye jalada lililoliwa pembeni na lebo iliyopauka. Alikuwa ameisaka miezi kumi na minne. Aliandika barua, akachimbua masanduku ya watu waliohama, hadi akaipata kwenye stoo ya shule iliyofungwa, chini ya mipira iliyotoboka. Mono, chapa ya kwanza, mwaka uleule wa kurekodi. Alikuja nayo iwe zawadi.

"Mwalimu, chomoa spika ya kushoto. Ile nyingine ilete katikati, mbele ya kabati la vyombo. Shangazi, utaniwia radhi, kochi lako lisogee. Zaidi. Mama, wewe kaa hapa, magoti yaelekee spika. Hapo."

Na wakasogea. Usiniulize ilikuwaje. Mwanamke aliyeachwa amesimama saa moja nyuma sasa alikuwa anaupanga upya ukumbi wa watu, na mwana wa nyumba alikuwa amebeba spika. Akaifuta santuri kwa kitambaa laini, akapitisha brashi, akaitua sindano.

Mvumo. Fidla zikaja zote kutoka sehemu moja, zikiwa zimekaa karibu karibu kama watu wa nyumba moja. Zikapanda, zikashuka, zikanyamaza. Na ndani ya ukimya ule, kabla ya nota yoyote, ikasikika pumzi ya mtu. Fupi kwanza, ya puani, halafu ndefu ya mdomoni. Ndipo zumari ikaingia, peke yake, katikati ya chumba.

"Pua!" Mama alishika mdomo. "Pua yake ile! Aliivunja akiwa kijana, kwenye mpira. Kila akitaka kupuliza lazima aanze hivi, *nff*. Nilimgombeza, nikamwambia watu watakusikia wewe. Akaniambia, nani ana shida na pumzi yangu?" Alikuwa anacheka na machozi yanamfika kidevuni. "Huyo. Huyo ndiye."

Shangazi alikuwa amefungua nota kwa mazoea. Akazitazama. Akazifunga. Hakuzifungua tena hadi sindano ilipofika mwisho.

Sasa ungedhani mambo yameisha. Hayakuisha. Sikiliza kilichofuata, kwa sababu hiki ndicho watu kama wao hufanya wakiwa na nia njema kabisa.

Mama alijifuta. "Binti, umetutendea jambo. Hii utatuachia. Itaenda chuoni, na kadi yenye jina lake."

"Na kadi itamtaja aliyeitafuta?" Mwalimu aliuliza, kwa sauti ambayo mtu angeweza kujifanya hakuisikia.

"Bila shaka," alisema Shangazi, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea kwa upole. "Tutaandika: kwa msaada wa fundi wa gramafoni."

Santuri waliitaka. Aliyeileta walikuwa wakimpeleka mlangoni kwa shukrani. Sindano aliinyanyua santuri kutoka kwenye gramafoni, akairudisha kwenye karatasi yake, karatasi kwenye jalada. Hakuwa na haraka wala hasira usoni. Alikuwa na uhakika.

"Mama, hii ni zawadi, na bado ni zawadi. Lakini fundi wa gramafoni hana sababu ya kusaka kitu miezi kumi na minne. Mimi sababu ninayo. Sababu yangu imesimama pale, na waya wa spika mkononi, inatazama zulia."

Macho yote yakaenda kwa Mwalimu.

Sindano angeweza kumsaidia. Mara zote tatu alimsaidia, akageuza maneno, akacheka, akaomba maji ya kunywa. Safari hii alimtazama tu, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, bila kumtupia hata neno moja la kushikilia.

"Mama," Mwalimu alisema. "Huyu si fundi wa gramafoni. Yaani ni fundi, ndiyo, lakini... Shangazi, usinikate."

"Sijasema kitu!"

"Ulikuwa unajiandaa." Aliuweka waya chini. "Nampenda. Nimempenda tangu siku aliyokataa kuniuzia santuri mpaka nibadilishe sindano mbovu. Nataka kumwoa, akinikubali. Nilipaswa kuwaambia mara tatu. Nilinyamaza, na nikawa najidanganya kwamba ni heshima kwenu. Ulikuwa uoga. Hata zile picha za siku yako, Mama. Hamkumtoa nyinyi. Mimi ndiye niliyesema apewe kamera."

Hilo Sindano hakulijua. Siku zote alidhani ni Shangazi. Lilimchoma, na papo hapo likampa kitu alichokuwa akikisubiri kuliko yote: mtu anayeweza kujitaja mwenyewe kwa kosa lake bila kuulizwa.

"Rudia," akasema.

"Wapi? Pa kamera?"

"Pa kuoa. Shangazi huenda hakupata, si unajua hakuna maandishi."

"Nimepata!" Shangazi alifoka. Kisha mabega yakamshuka. "Nimepata, we mtoto. Msinifanye kiziwi nyumbani kwa kaka yangu."

Mama alikuwa anamkagua Sindano, polepole, kuanzia kidole chenye kovu hadi machoni, kama mtu anayehamisha vitu ili apate nafasi.

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai, Mama. Na ana mdomo kunishinda mimi."

"Afadhali. Mwambie Jumapili ijayo atatuona. Mimi, huyu mwoga wangu, na wifi yangu."

"Wifi yako atakuja," alisema Shangazi, "lakini nota nabeba."

Mwalimu alivuka zulia lile alilolitazama asubuhi yote, akaushika mkono wa Sindano mbele yao wote, na safari hii mlango wa nje ulipogongwa na jirani, hakuuachia. Sindano aliubana, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Ile ya kamera wangeizungumza Ijumaa.

Na wewe? Yupo mtu unayemwita "jirani tu," "mwenzangu wa kazini," "mtu fulani hivi." Unasubiri nini, mama yako aamke na furaha, shangazi yako asafiri, mwaka ugeuke? Yeye anahesabu mara ulizonyamaza. Hajasahau hata moja. Weka kitabu chini. Nenda kamchukue, muingie naye pale walipo watu wako, na uwaambie yeye ni nani wako. Si kesho. Nyanyuka.